Siku Nilipomlinda Zainabu Mlangoni

Mama Zainabu, mke wangu,

Kalamu nimeishika mwenyewe. Vijana wakiniandikia wanapunguza maneno, na mimi unanijua, yangu hayapunguzwi.

Mwanao aliumwa sana. Alianza na kichomi wakati tunapepeta mtama, tukadhani vumbi. Mara anahema kama kapanda mlima, midomo imekuwa ya bluu. Nikakodi gari kutoka Kondoa mpaka hospitali, Dodoma mjini.

Daktari ni binti mdogo, ila kichwa kimetulia. "Shikamoo babu. Kichomi kimeumiza mapafu yote mawili. Vile vifuko vya hewa vimejaa maji, hewa haifiki kwenye damu."

"Dawa iko wapi?"

"Ya kichomi tunampa. Mapafu yenyewe yanataka muda. Mashine itampa pumzi kidogo kidogo kwa mpira wa kooni, na tutamlaza kifudifudi, sehemu ya mapafu ya mgongoni ifunguke."

Kifudifudi. Unakumbuka alivyokuwa akilala mtoto yule mchana, tumbo kwenye mkeka, matako juu? Unamgeuza. "Geuka mwanangu, huo si ulalaji wa Muislamu." Mimi nacheka, unaniambia, "Cheka tu, Baba Zainabu. Huu ubishi kautoa kwako."

Kwa hiyo nilikataa. Binti yule hakunigombeza, akaniuliza kazi yangu. Magunia ya nafaka, nikasema, nani pale soko la Majengo asiyenijua?

"Basi babu, gunia la chini likilowa, na mengine yamelilalia, linakauka?"

Halikauki. Nimegeuza magunia tangu yeye hajazaliwa. Nilielewa kabla hajamaliza, nikakubali.

Kazi ikawa dada yangu Mwajuma. Saa ya kuona wagonjwa alichungulia, akanijia juu. "Kaka, umekubali mwanetu alazwe kama mtu aliyetupwa? Naingia kumgeuza."

Nikavuta kiti, nikakaa mlangoni. "Ukimgeuza anaishiwa pumzi. Na ule mpira kooni ukichomoka ndiyo basi."

"Akifa, kaburi utachimba wewe."

"Nitachimba. Lakini leo hupiti."

Hakupita. Alinisema kwa ukoo mzima, nami nimekaa tu. Wauguzi wenyewe, kwa saa maalumu, walikuwa wakimlaza chali, kisha wanamrudisha kifudifudi, mpaka damu yake ikaanza kupata hewa. Wakapunguza mashine taratibu, wakatoa mpira.

Sasa yuko nyumbani. Akifika uani anakaa kupumzika. Daktari kasema mapafu yatachukua miezi, pengine yasirudi yote. Mimi nimesema yatarudi.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile mpira ulipotoka, sauti imekauka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama yuko wapi?" Walinieleza baadaye kwamba dawa za usingizi huchanganya kichwa. Mimi nikamshika mkono. "Mama yako amenituma mimi," nikamwambia.

Akalala.

Pumzika, Mama Zainabu. Mungu akupe nafasi pana huko. Huku nipo.

Mumeo,
Baba Zainabu