Gunia la Udongo Nililolimwaga

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mkeka wako, ule uliochanika pembeni. Sina wa kumwambia haya ila wewe, na wewe ndiye huwezi kunijibu. Mvua zimekuja mara mbili tangu tukuzike. Hadi leo nikipika uji napima wa watu wawili.

Siku tulipohamishwa kuja hapa kijiji kipya cha Quitunda, wenzako walibeba milango na masufuria. Wewe ulibeba gunia la udongo kutoka chini ya myombo wetu, pale tulipokuwa tukiokota uyoga mvua zikianza. Ndani yake mlikuwa na majani yaliyooza nusu, yameshikanashikana kwa nyuzi nyeupe. Niliona haya mbele ya majirani wapya. Ulipokwenda bombani, nikalikokota gunia hadi shimo la taka nyuma ya choo, nikalimwaga, kisha nikafagia uwanja mpaka ukang'aa. Si ndivyo ulivyonilea, kwamba mwanamke hujulikana kwa uwanja wake?

Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulikaa kizingitini ukasema, "Mwanangu, umemwaga hamira." Nilicheka, nikadhani ni uzee. Tangu lini udongo ukaumuliwa kama vitumbua?

Miche ya myombo uliyoiotesha kwenye makopo ikawa manjano, ikadumaa, ikafa mmoja mmoja. Ulikuwa ukiiamkia kila asubuhi kama wagonjwa. Mimi nikakwambia udongo wa hapa ni mbaya, basi. Ulikufa hujauona hata mmoja ukifika magotini, Mama, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi uliopita alikuja tekniko, mtaalamu wa misitu, kuzungumza na wenye mashamba. Aling'oa mche akatuonyesha mizizi yake. Alisema zile nyuzi nyeupe ni kuvu, na uyoga tunaoula ni tunda lake tu. Nyuzi hushikana na mizizi, hupenya kwenye majani yanayooza, huchukua chakula ambacho mzizi peke yake haukifikii, zikaupelekea mti. Mti nao huzipa utamu wake. Anayepanda myombo mahali pageni, alisema, atie kwanza udongo kidogo wa msituni. Nikakaa chini pale pale mchangani. Wenzangu walidhani ni jua.

Nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya choo. Shimo limejaa majani niliyoyafagilia humo miaka yote hii bila hata kuchungulia, na katikati yake umesimama myombo, Mama. Unanifika kiunoni. Hakuna aliyeupanda, mbegu ilikuwamo kwenye gunia lako. Chini yake umeota uyoga, ule wa rangi ya chungwa uliokuwa ukiupenda. Sikuuchuma. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia, "Mama yangu."

Nimechota kopo moja la udongo wa pale na nimepata mche wa myombo. Kesho nauleta kaburini kwako. Kila wiki nimekuwa nikilifagia kaburi lako mpaka halina hata jani moja, nikijiona mtoto mwema. Nisamehe, Mama.

Lala kwa amani, Mola akupe nafasi pana huko uliko. Majani yatakayokuangukia yatabaki hapo hapo yaoze. Watasema binti yako mvivu, wacha waseme. Ufagio nitauacha nyumbani.

Mwanao