Mwaka Uliokuwa Chini ya Rangi

Ishak mwanangu,

Ukirudi, wali na samaki nimekufunikia jikoni. Mashine ya randa uliyoninunulia Ukunda ~~nairudisha kwa muuzaji~~ iache hapo ilipo.

Asubuhi nilipoikwangua rangi nikaona kibati chenye mwaka wake, 1971. Wewe uliambiwa ina miaka sita. Nikakuita mjinga mbele ya mkeo, nawe ukaondoka bila kunywa chai.

Nimechoka, mwanangu. Miaka arobaini nimepiga randa kwa mikono, na wewe ulitaka kunipumzisha tu. Baadaye niliiwasha, ikalainisha ubao wa mvule vizuri kabisa. Nimekwenda Msambweni kuitafutia mkanda mpya.

Mkeo Nadhira nimeshamwomba radhi. Yako sitaiandika hapa. Jioni nitakuambia mwenyewe.

Babako