Kidosho

Jumatatu, 3 Machi

Nimewahi kutoka kazini. Baba ameshaoga, Mama ameshampa uji. Upendo, dada wa mazoezi ya viungo, amekuja mapema. Tangu tumteremshe Baba kutoka hospitali ya Nkoaranga na nyonga yake iliyovunjika, leo ndiyo mara ya kwanza amefika sebuleni na fremu ya kutembelea. Nilitaka kulia. Upendo alimwamkia shikamoo. "Marahaba, kidosho." Kila siku hivyo. Upendo hakucheka. Nimeona.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amesema. Kwa adabu kabisa. "Babu, mimi naitwa Upendo. Hilo jina lingine silipendi."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Kidosho ni sifa! Zamani ukimwita msichana kidosho, anaringa wiki nzima."

Upendo akamaliza mazoezi. Nilimsindikiza getini, nikamwambia ni lugha ya wazee tu. Akaniuliza mimi mwenyewe kazini wananiitaje. Nikamfungulia geti. Wananiita jimama. Huwa nacheka nao.

Ijumaa, 7 Machi

Upendo amepiga simu. Haji tena. Hana ugomvi na sisi, amechoka tu. Kila nyumba anayoingia ni kidosho, kimwana, mtoto mzuri, na yeye amesomea kazi yake. Nilisema pole. Baba sijamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Tulitoka kanisani, tukakaa jikoni kumenya ndizi. Nikamwomba Mama aongee na Upendo. Amweleze kwamba Baba hana ubaya, kwamba yeye mwenyewe ameitwa kidosho tangu uchumba na hakupungukiwa kitu.

Mama aliendelea kumenya. "Sikulipenda."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Sikulipenda hata siku moja. Mbele ya vibarua wa kahawa, kidosho. Mbele ya mchungaji, kidosho. Mama yangu yuko kwenye jeneza, watu wanalia, baba yako ananiita kidosho, njoo huku."

"Mbona hukumwambia?"

"Nani aliniuliza?"

Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi.

Jumatatu, 10 Machi

Amekataa kuinuka. Uji umepoa mezani. Hasemi na mtu. Amegeukia ukutani.

Namhurumia. Nina hasira naye. Na Mama vilevile, namhurumia na nina hasira naye: miaka yote hiyo, aje kusema leo, mgonjwa akiwa kitandani? Halafu najiuliza angesema lini.

Daktari alionya kwamba akilala tu, mguu utakakamaa. Nimempigia Upendo. Hapokei. Nikapiga tena. Sina haki ya kuendelea kumsumbua, najua. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na simu mkononi. Sijui nianzie kwa nani.

Jumatano, 12 Machi

Bado. Mama anamlisha, anamgeuza, anambadilishia shuka. Hawazungumzi. Nilimwambia Baba, "Mama hakuwa na nia ya kukuumiza." Akafumba macho.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali imetuma mtu mwingine wa mazoezi, mwanamume. Baba ameinuka, ametembea hadi mlangoni na kurudi. Hakuna aliyetania. Mvua tangu asubuhi, Mlima Meru hauonekani.

Baadaye Baba alisikia baridi. Mama alikuwa amempa mgongo, anakunja nguo. Nilimwona Baba anafungua mdomo kumwita. Akaufunga. Akabaki anamtazama, akingoja ageuke.