Seva Yako Imehama

Baba Jannat,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha. Jannat ameota jino la pili.

Ile seva inayobeba tovuti yako ya kuuza mbao, kama nilivyokuambia, nimeipatia kampuni ya kuitunza hapa Nakuru. Chumba chao ni baridi kama Elburgon, na stima ikipotea jenereta inawaka yenyewe. Fundi wao alicheka: "Mathe, toa hiki kitambaa, inapumulia hapo!" Nilikuwa nimeifunika nacho, nimekifuma maua, kama kile cha redio.

Lakini najuta. Ilipokuwa sebuleni ulikuwa unapiga simu kila jioni kuuliza, "Taa yake inawaka?" Tangu nikuambie imehama, hujapiga. Leo piga tu, uulize taa ya jikoni. Nitakuambia inawaka.

Wako,
Mama Jannat