Mjomba Kamusi na Karatasi ya Kiwanda

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na bado nikipita mlangoni kwako naanza kukuamkia, kisha nakumbuka hakuna wa kuitikia. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Lipo jambo nililopaswa kukuambia nikiwa kidato cha pili, na nimekaa nalo mpaka umeondoka.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Mama alipofariki kule Sengerema ulinifuata mwenyewe kwa kivuko, ukanileta kwako Mabatini, kwenye ile nyumba ya juu ya mawe ambako maji hayakufika ila kichwani mwa mtu. Ulikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Ulisoma mpaka darasa la nane la zamani, basi, lakini Kiingereza ulikipenda kama wenzako walivyopenda mpira. Kila jioni ulirudi na kadi za stoo zilizokwisha kutumika. Upande wa nyuma uliandika neno gumu, chini yake maana kwa Kiswahili, maneno matano kwa siku, yote kutoka kwenye kamusi yako iliyokuwa haina jalada. Mimi nikiosha vyombo, wewe ulisimama pembeni na kadi zako.

"Haya binti, 'diligent'?"

"Mwenye bidii, mjomba."

"Kama nani?"

"Kama mimi."

Ulicheka mpaka Mama Kulwa, mkeo, akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Ulikuwa na vituko. Siku moja ulimwambia muuza nyanya kwamba nyanya zake ni 'deplorable', yaani hazifai hata kutazamwa. Mama wa watu akadhani amesifiwa, akakuongezea mbili. Nilikuuliza kama si dhambi, ukasema dhambi ni kutojua.

Miaka ile kila mtu alikuwa anazungumzia soko huria. Mitumba ilijaa mjini, viwanda vya minofu vikafunguliwa kandokando ya ziwa, na sangara mzuri akawa anapanda ndege huku sisi tukibaki na mapanki, mifupa yake iliyokwisha kukwanguliwa. Kiwanda chenu cha umma nacho kikatangazwa kwamba kinauzwa kwa mwekezaji. "Huyu anakuja na lugha yake," ulisema. "Asiyeijua ataachwa gatini." Wenzako kiwandani walikuita Kamusi. Barua yoyote ya Kiingereza, iwe ya benki au ya mtoto aliyechaguliwa shule, ilipita kwanza mikononi mwako. Ulilipenda jina hilo, nami nililipenda kwa ajili yako. Ubaya wake ni kwamba mtu akishaitwa Kamusi hawezi tena kusema sijui.

Ikaja ile Jumapili. Wenzako sita walikuja baada ya ibada, wakiongozwa na Mzee Masalu wa mtambo wa boila, rika lako na rafiki yako wa siku nyingi. Nilikuwa nawamiminia chai. Kabla hawajasema kilichowaleta, uliniita katikati ya sebule uwaonyeshe matunda ya kazi yako. Nilijibu maneno matatu, wakapiga makofi. La nne lilikuwa 'obstinate', yaani mkaidi. Nilikuwa nalijua, lakini macho ya wanaume saba yakalifukuza kichwani.

"Aa, mnaona?" ukasema. "Wakati mwingine ni ile damu ya mama yake. Dada yangu yule darasa la nne lilimshinda, kichwa kizito kama jiwe la kusagia."

Wakacheka. Ulicheka pia. Mama alikuwa na mwaka mmoja na nusu kaburini.

Nilikuchukia, Mjomba. Nilirudi mlangoni na birika langu, na kwa dakika zile nilikuchukia kweli.

Hapo ndipo Mzee Masalu akatoa karatasi mfukoni. Ilitoka kwa uongozi. Waliambiwa kila mfanyakazi anayetaka kufikiriwa na mwenye kiwanda mpya aisaini na kuirudisha kesho yake. Ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Ulivaa miwani, ukaisoma kwa sauti, ukitafsiri kipande kwa kipande, na ulitafsiri vizuri. Ukafika kwenye sentensi iliyosema mfanyakazi 'shall relinquish' madai yake yote. Kidole chako kikasimama chini ya neno lile.

Hukulijua. Kadi zetu zilikuwa bado hazijafika huko. Ulinyanyua macho juu ya miwani, ukanitazama. Hukuuliza kitu, lakini nilikuelewa.

Nami nilikuwa nalijua. Wiki mbili nyuma mwalimu wetu wa historia alitusomesha mikataba ya wakoloni, jinsi mtemi alivyowekewa karatasi na wageni, akaweka alama, kumbe ameachia nchi yake. 'Relinquish', aliandika ubaoni: kuachia kilicho chako. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Nikatazama chini.

"Maana yake ni kuendeleza," ukasema, ukivua miwani. "Haki zetu zote zinaendelezwa kwa mwajiri mpya. Hakuna tatizo."

Mzee Masalu akashusha pumzi. "Sasa sisi tungejuaje, Kamusi? Mungu akuweke."

Watu wamenisifu sana kwa adabu, Mjomba. Mtoto wa kike hamkosoi mkubwa mbele ya wageni, na mimi mwenyewe nimejificha humo miaka yote hii. Lakini wageni waliondoka kabla ya saa tisa. Nilikupelekea maji ya kuoga. Ukaniuliza, "Mbona leo umenuna?" Nikajibu, "Hapana, mjomba." Tulikuwa wawili tu uani, na kesho yake ilikuwa bado haijafika. Nilitaka uaibike. Niliona kwamba huko kazini atatokea mtu wa kukusahihisha, wenzako wakucheke kama walivyomcheka mama yangu, halafu tutakuwa sawa. Akili ya mtoto haikuniambia kwamba huko kazini hakukuwa na wa kukusahihisha, kwa sababu wote walikuwa wanakungoja wewe. Waliosita waliambiwa Kamusi ameshaisoma. Wakasaini.

Majina ya wanaobaki yalipobandikwa getini, lako halikuwemo, wala la yeyote kati ya wale sita. Mlipokwenda kudai mafao ya miaka yenu yote, mlionyeshwa saini zenu. Ofisa mmoja aliwaeleza kwa Kiswahili kizuri tu kwamba mlikubali wenyewe kuachia.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mama Kulwa alikaanga mapanki barazani ili nimalize kidato cha nne. Mzee Masalu alianza kubeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, samaki wanaposhushwa, mgongo ule wa mtu mzima. Nilikuwa nawe siku ulipokutana naye sokoni. Alitua gunia, akainama mbele ya watu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Rika lako, anakuamkia shikamoo. Ulifungua mdomo, marahaba ikakataa kutoka. Tangu siku ile sikukusikia tena ukitamka neno la Kiingereza, hata 'sorry', na kamusi mchwa wakaila juu ya kabati la vyombo.

Mimi maneno hayakuniacha. Sasa nayafundisha, kama ujuavyo, katika shule ya sekondari hapa Nyamagana. Watoto wanasema mwalimu wetu ni mkali, anamlazimisha mtu aseme hata kama ana aibu. Hawajui kinachonisukuma.

Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa nakunywesha uji. Ulisukuma kijiko. "Lile neno," ukasema, na sikuhitaji kuuliza lipi. "Nilijua kwamba silijui. Niliona aibu kusema. Watu wangu nimewaua kwa aibu." Kisha ukanishika mkono, na mkono wako ulikuwa mwepesi mno. "Wewe ulikuwa mtoto tu. Ungelijua, ungeniambia."

Nikasema, "Ningekuambia, mjomba."

Ukatabasamu, ukanywa uji uliobaki.

Tulipoondoa matanga Mzee Masalu alikuja. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na walipoombwa wenye neno waseme, akasimama kwa kujikongoja. Alisema alikubebea kinyongo miaka yote, lakini leo anakusamehe mbele ya watu, kwa sababu mtu hawezi kutoa asichokijua. Waombolezaji wakaitikia amina. Mama Kulwa akalia. Mzee Masalu, akiwa bado amesimama, alinitazama, akanyoosha kikombe chake, na mimi nikamwongezea chai.

Sikuombi unisamehe, kwa kuwa ulikufa hujui kuna cha kusamehe. Lala salama, Mjomba. Kesho nakwenda mwaloni kumtafuta Mzee Masalu, na mpaka sasa sijui nitaanza na neno gani.

Ni mimi, mpwa wako, mtoto wa dada yako.