Adapta Imefika

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ila goti la Baba linamsumbua na paa la sebule linavuja palepale. Kibandani simu mbovu ziko tele, na wateja siku hizi wananiita daktari.

Adapta uliyotuma imefika leo asubuhi. Baba aliifungua kabla sijamaliza chai. Inaingia barabara kwenye simu ya marehemu Mama, utadhani zilizaliwa pamoja.

Dada, nina neno. Wiki mbili zilizopita Baba alinibana: "Fundi mzima unashindwa na tundu la chaji? Nataka kumsikia mke wangu." Pini ya zamani kama ile sikuwa nayo. Nikakata waya wa chaja nyingine nikaunga kwa mazoea, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, bila kupima. Kumbe aliyeitengeneza ile chaja aligeuza rangi. Ulitoka moshi mwembamba tu, basi. Nimeifungua simu mara nne, imeungua ndani. Sauti zote alizojirekodi Mama zimekwenda na maji.

Ukweli sikuusema. Nikamwambia Baba tusubiri adapta yako.

Sasa ameichomeka mwenyewe, amevuta kiti karibu na soketi, anangoja taa iwake. Hajanyanyuka tangu asubuhi. Nikipita ananiambia nisiwashe redio.

Ndiye aliyenituma nikuandikie. Anasema ahsante sana, mwanangu, umenirudishia mama yako.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi