Moto wa Baba Umehamia Zizini

Belmullet, Novemba

Kaka yangu Fintan,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini huko Perth wewe, Leanne na watoto mu wazima, na jua haliwachomi sana. Sisi huku tunapumua, ingawa siku hizi neno hilo nalitaja kwa woga.

Kazi ya nyumba imekwisha. Ungekuja usingeitambua. Kuta zimejazwa sufi ya kuzuia baridi, madirisha yana vioo vitatu, paneli za sola ziko juu ya paa, na pampu ya umeme inayopasha nyumba joto inanguruma taratibu nyuma ya jiko. Asubuhi natembea pekupeku, mimi niliyelala na koti utoto mzima. Unajua kwa nini niliharakisha. Daktari alisema mapafu ya baba hayatastahimili majira mengine ya moshi wa meko, na mafundi wakasema dohani, lile bomba la moshi, isipozibwa joto lote litapotelea angani.

Baba hakubisha, nami nikadhani amekubali. Aliuliza tu kama wale mafundi vijana wanajua kwamba moto ule wa mekoni haujazimika tangu babu yake auhamishe kutoka nyumba ya zamani. Nikamtania kwamba basi umefanya kazi ya kutosha, ustaafu. Hakucheka.

Siku ya kuziba dohani aliamka kabla yangu, akafukua makaa aliyoyafunika kwa majivu kama afanyavyo kila usiku, akayatia kwenye ndoo, akaenda nayo zizini. Tangu hapo hajalala ndani. Amejitandikia pale ng'ombe walipokuwa, anachoma ule udongo wa kinamasi uwakao kama kuni, aliokuwa akiukata na kuukausha enzi za nguvu zake, na moshi hauna pa kutokea ila mlangoni. Nimemsihi, nimelia, nimempandishia sauti. Alinijibu: nyumba yako ni nzuri sana, mwanangu, ila mtu akikaa mle hajui aelekeze uso wapi. Jirani yetu Malachy, badala ya kunisaidia, naye huenda huko na chupa yake. Aliniambia nisijisumbue bure, kwani nani atoke kwake kwenye mvua hii aje kuangalia ukuta? Ndani haingii mtu tena. Nakaa peke yangu na joto langu safi.

Wiki hii daktari alimfuata hukohuko zizini. Alipotoka alinishika bega, akasema hata hospitali haitabadilisha kitu, na Krismasi ni mbali kwa baba.

Fintan, kuna jambo sijamwambia mtu. Mikono ya baba haishiki kitu tena, na moto huo naukoleza mimi. Jioni naufunika kwa majivu, asubuhi naufukua na kuongeza udongo, naye anakohoa huku akinishukuru. Mwaka mzima nimehangaika kumtoa kwenye moshi, na sasa namvutisha moshi huohuo kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiuacha uzime atakufa kwa baridi, na joto langu la ndani yeye halitaki. Nimechoka, kaka, na sioni njia.

Njoo upesi ukiweza. Usije kumshawishi arudi ndani, hilo nimelikatia tamaa. Njoo tu, nisiwe peke yangu katika kazi hii.

Nisalimie Leanne, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, anasema kule kwenu kuna joto, kwa hiyo hakuonei huruma.

Dada yako akupendaye,
Attracta